Alipima Bunduki, Hakupima Kiwanda

Uhakiki wa kitabu: Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi yaani Tippu Tip

Ndugu msomaji, hapa Tabora ukilitaja jina la Tippu Tip kijiweni, haipiti dakika kabla mtu hajasema, "Mzee yule alikuwa na akili ya biashara, bwana." Ukiuliza akili hiyo ilionekana wapi, unajibiwa: kwani hakutajirika? Basi mjadala umekwisha, watu wanarudi kwenye kahawa yao. Nami nilikuwa mmoja wao. Kitabu chake nimekisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikisoma kama hadithi ya shujaa. Mara ya pili nilikisoma na penseli mkononi, maana najaribu kuandika riwaya inayopita katika njia ile ya misafara. Mara hiyo ya pili ndiyo iliyoniharibia usingizi.

Kwa wasiokijua, kitabu hiki ni miongoni mwa tawasifu za kwanza kabisa katika lugha yetu. Mwenyewe aliiandika Unguja, uzeeni, kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, baada ya kuhimizwa na Mjerumani Heinrich Brode. Brode akaigeuza kuwa herufi za Kirumi, akaichapisha Berlin mwaka 1902 na 1903 pamoja na tafsiri ya Kijerumani. Mwishoni mwa miaka ya 1950, W. H. Whiteley akaitoa tena huku Afrika Mashariki na kuongeza tafsiri ya Kiingereza. Tippu Tip alifariki Unguja mwaka 1905. Sisi watu wa Tabora tuna sababu ya ziada ya kukisoma. Baba yake, Muhammed bin Juma, aliweka makazi Unyanyembe na kumwoa Karunde, wa nyumba ya mtemi Fundikira. Njia anayoisimulia inapita chini ya miembe yetu.

Nianze na fani, kama tulivyofundishwa darasani. Lugha yake ni ya mtu anayezungumza barazani. Sentensi ni fupi, majibizano ni mengi, na pembe zinahesabiwa kwa frasila. Hasemi kwamba aliogopa, wala hasemi kwamba alihurumia. Mwandishi chipukizi akitaka kujifunza namna ya kusukuma kisa mbele bila kupamba, hapa pana mwalimu. Lakini huo mwendo wa haraka ndio unaotuteka. Msimulizi anaamua jambo, ukurasa ufuatao jambo linafanikiwa, nasi tunatikisa kichwa: ama kweli, akili hizo! Hatusimami kuuliza kama uamuzi ulikuwa mzuri, au matokeo ndiyo yaliyokuwa mazuri. Hayo ni mambo mawili, na uhakiki wangu wote unasimama juu ya tofauti hiyo.

Chukua kisa cha Nsama. Nsama alikuwa mtawala wa Itahua, nchi iliyo kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Mweru. Wafanyabiashara waliotangulia walikwishapigwa huko na kupoteza mali, na Tippu Tip alionywa asiende. Akaenda. Vita ikazuka, yeye mwenyewe akajeruhiwa kwa mishale, lakini bunduki zake zikashinda na pembe za Nsama zikawa zake. Hiyo ilikuwa mwaka 1867, na Livingstone, aliyekuwa akipita sehemu zile mwaka huohuo, aliyakuta matokeo ya vita hiyo. Katika kitabu, kisa hiki ndicho kinachomfanya Tippu Tip kuwa Tippu Tip.

Sasa nakuomba ufanye zoezi dogo. Mshale mmoja tu ungeingia vidole vinne pembeni. Uamuzi ungebaki uleule, maonyo yaleyale, hesabu ya bunduki ileile. Lakini kitabu kisingekuwapo, na yeye angekuwa mmoja wa wale "waliotangulia" ambao msimulizi mwingine anawataja kwa nusu sentensi ili sisi tucheke upumbavu wao. Wale waliopigwa kabla yake, nani ajuaye kama hawakuwa na akili kumzidi? Hawakuandika. Tunasoma kitabu cha aliyerudi, halafu tunadhani tumesoma kitabu cha njia. Wahenga walikwisha tuonya: bahati ya mwenzio usiilalie mlango wazi.

Kuna jambo jingine ambalo msifiaji wa kijiweni halitaji. Mali aliyosafiri nayo katika safari zake kubwa ilikuwa ya mkopo kutoka kwa matajiri wa Unguja, ambao kati yao Taria Topan ndiye aliyekuja kuvuma zaidi. Mtu anayetembea na mali ya mkopo hana hesabu sawa na anayetembea na mali yake. Akirudi mikono mitupu, deni linamngoja bandarini. Kwa hiyo kusonga mbele penye hatari kunaweza kuwa ujasiri, na kunaweza pia kuwa woga wa kurudi. Na gharama nyingine hazikuingia katika daftari lolote. Yeye mwenyewe anasimulia bila kupepesa jicho jinsi wapagazi walivyomtoroka Uzaramo, naye akakamata watu na kuwafunga minyororo ili mizigo iende. Faida ikihesabiwa Unguja, minyororo ile haimo. Ukiondoa upande mmoja wa hesabu, kila biashara inaonekana ya akili.

Sasa tuje kwenye visa viwili ambavyo, kwa maoni yangu, vinapaswa kusomwa pamoja, ingawa sijamsikia mtu akivisoma hivyo.

Kisa cha kwanza ni cha Utetera, magharibi ya mbali, huko Manyema. Mtawala mzee wa nchi hiyo alikuwa na jeraha la miaka mingi: ndugu zake wa kike walichukuliwa mateka zamani, na habari zao zikapotea. Tippu Tip alikuwa ameisikia habari hiyo njiani. Alipofika akajitambulisha kuwa ni damu ya mateka wale, mjukuu aliyerudi nyumbani. Mzee akaamini, akafurahi, akamkabidhi utawala, na pembe zikafuata. Hapakupigwa risasi. Mzee yule hakuwa mjinga, jamani. Alikuwa na swali moja moyoni kwa miaka mingi, akaja mtu na jibu lenye umbo la swali lilelile. Moyo ukishataka, sikio halikagui.

Kisa cha pili ni cha mwaka 1876, Stanley alipokutana na Tippu Tip huko Manyema. Stanley anamwonyesha bunduki na kumwambia kwamba inatoa risasi kumi na tano mfululizo. Tippu Tip hamwamini. Lakini hasemi "unadanganya". Anajibu kwa mzaha mzito: kwamba na yeye anajua nchi ambako kuna upinde unaorusha mishale ishirini kwa mpigo, na kila mshale unaua mtu. Umeona ustadi huo? Amemwambia mgeni kwamba maneno ni maneno, mimi pia ninayo. Stanley akatoka nje, akafyatua risasi moja baada ya nyingine, kisha akachukua bastola akafanya vilevile. Hapo ndipo mzee mzima aliposhangaa, na akauliza swali la mnunuzi wa kweli: risasi zinaingiaje humo?

Viweke visa hivi viwili sambamba. Kwa nini mtu huyu hakukubali neno la Stanley? Nadhani ni kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa muuza maneno. Alikwisha kuona Utetera jinsi hadithi nzuri inavyoweza kupewa nchi nzima bila ushahidi. Muuzaji ndiye anayejua mnunuzi anavyolegea. Hapa namvulia kofia. Kama kitabu hiki kina somo moja la biashara kwa vijana, ni hili la upinde wa mishale ishirini: anayekuletea chombo kipya, mwambie akitumie mbele yako.

Lakini somo hilo lina mwisho wake, na mwisho huo nimeuona nyumbani kwetu. Mwaka 2016 kaka yangu alinunua simu kubwa ya kupangusa kwa bei poa. Aliijaribu palepale dukani. Akawasha tochi, akapiga muziki, akapiga picha, akanipigia mimi. Kila kitu bomba. Usiku wa tarehe 16 Juni mwaka huohuo, Mamlaka ya Mawasiliano ikazizima nchi nzima simu zenye namba za utambulisho zisizo halali. Asubuhi simu ya kaka ilikuwa tochi na redio. Angebonyeza nyota, reli, sifuri sita, reli, namba ya utambulisho ya simu ingetokea, akaihakiki. Hakujua kwamba kuna cha kubonyeza. Alijaribu kila kilichoonekana, na kilichomuumiza hakikuonekana. Hakuuziwa mbuzi kwenye gunia. Mbuzi alimwona na kumpapasa. Kilichofichika ni hati ya mbuzi.

Mtaalamu wa elimu ya nafsi Daniel Kahneman, aliyepata tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2002, alieleza tabia hii ya akili: inahukumu kwa kile kilichopo mbele yake, kana kwamba ndicho pekee kilichopo duniani. Ikipata kisa kinachoshikamana, inaridhika. Haiulizi ni nini ambacho haikuonyeshwa.

Turudi kwa Tippu Tip. Aliiona bunduki ikilia. Ambacho hakikuwapo uwanjani siku ile ni soko lililoileta. Bunduki ni chombo cha ajabu sokoni, kwa sababu thamani yake inategemea jirani anacho au hana. Kule Itahua, magobori machache dhidi ya mishale yalikuwa utajiri. Lakini huku kwetu Unyamwezi mambo yalikwisha badilika. Waarabu wa Tabora, Stanley akiwa pamoja nao, walimwendea Mirambo mwaka 1871 wakitegemea bunduki, wakakuta naye anazo, wakapigwa. Tangu hapo, hadi Mirambo alipofariki mwaka 1884, kila mwenye msafara alilazimika kununua bunduki zaidi ili abaki palepale alipokuwa. Mshindi wa mbio hizo alikuwa muuzaji.

Na muuzaji alikuwa akiuza nini? Kwa sehemu kubwa alikuwa akiuza mitumba. Majeshi ya Ulaya yalipokuwa yakibadilisha silaha karne ile, bunduki kuukuu za kushindilia kwa mdomo zilitafutiwa wateja Afrika. Gobori lilikuwa na uzuri wake: fundi wa chuma wa kijijini aliweza kulitengeneza, na ukikosa risasi unaweka kipande cha chuma. Bunduki kama ile ya Stanley inakula risasi za kiwandani tu. Ukiishiwa, una fimbo ya bei mbaya. Kwa hiyo swali la "risasi zinaingiaje?" lilikuwa zuri, lakini lililokuwa zuri zaidi ni "risasi zinatoka wapi, na nani anaweza kuzizuia?" Jibu lilikuja wazi mwaka 1890, mataifa makubwa yalipotia saini mkataba wa Brussels, na ndani yake wakapiga marufuku kuingiza bunduki za kisasa katika eneo kubwa la Afrika. Wenyewe wakabaki nazo.

Kitabu hakirekodi swali hilo kuulizwa mwaka 1876. Alipima bunduki, hakupima kiwanda. Mwaka 1887 Stanley alirudi Unguja, na Tippu Tip akakubali kuwa liwali wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji huko Stanley Falls, ambako leo ni Kisangani, kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Aliahidi pia kumpatia Stanley wapagazi, na ugomvi uliofuata ulikuwa juu ya nini? Juu ya baruti, ambayo Stanley ndiye aliyetakiwa kuitoa. Tippu Tip akaondoka Kongo mwaka 1890. Vita ya Wabelgiji na Waarabu wa Manyema ikaanza mwaka 1892, na mwaka 1893 mwanawe Sefu akauawa. Nchi yote ikaenda.

Hapo ndipo nilipotaka kuumalizia uhakiki huu, nikiwa nimeridhika na nafsi yangu. Kichwa cha habari nilikuwa nimekwisha kiandika. Nikalala. Asubuhi nikajishika mwenyewe.

Ndugu msomaji, hebu angalia nilichofanya. Kurasa mbili za mwanzo nimewakemea watu wa kijiweni kwa kuhukumu uamuzi kwa matokeo yake. Halafu mimi, ninayejua ya mwaka 1893, nikauhukumu uamuzi wa mwaka 1887 kwa matokeo yake! Wao wanasema alikuwa na akili kwa sababu alishinda. Mimi nasema hakuwa nayo kwa sababu alishindwa. Ni kosa moja limevaa kanzu mbili.

Ikabidi nikifungue kitabu mara nyingine mahali pale. Kipo kisa ambacho nilikuwa nimekiruka. Kabla ya mkataba ule, Tippu Tip alikwenda kwa Sayyid Barghash kutafuta nguvu za kuishika bara. Sultani akamfungulia moyo: bara hana haja nayo tena, Wazungu wanataka hata Unguja yenyewe. Msimulizi, ambaye kwa kawaida hasemi hisia zake, anatuachia tuone kwamba hapo alielewa kuwa mambo yamekwisha. Basi mwaka 1887 alikuwa amekwisha kukijua kiwanda, angalau kivuli chake. Njia ya pwani ilikuwa ikifungwa nyuma yake na Wajerumani, Leopold alikuwa mbele yake, na deni halikuwa limekufa. Aliyekubali pauni 30 pengine alikuwa amechagua baya lililo afadhali. Kama alikosea, alikosea miaka kumi na moja kabla, kwenye uwanja wa ile bunduki. Na hata huko sina hakika kama mtu aliyesimama pale angeweza kujua zaidi.

Linganisha na huyo Leopold mwenyewe. Alipoona misafara ya wapagazi inakwenda polepole, alidhani amegundua dawa: tembo wa India, waliofunzwa kubeba mizigo. Mwaka 1879 tembo wanne walishushwa pwani yetu pamoja na mwongozaji wao, Frederick Carter, wakaelekezwa Ziwa Tanganyika. Wengi wao walikufa njiani, na mwaka uliofuata Carter mwenyewe akauawa. Wamisionari wa Kiingereza nao, miaka michache kabla, walijaribu magari ya ng'ombe, na mbung'o wakawamaliza ng'ombe. Mpagazi wa Kinyamwezi, aliyedharauliwa kama chombo cha kale, ndiye aliyeendelea kuibeba njia hii hadi reli ilipofika Tabora mwaka 1912. Kwa hiyo Leopold alikuwa hodari wa kukosea. Lakini hakuna kijiwe kinachomcheka, kwa sababu mfalme anaweza kukosea mara kumi kwa fedha zake na za wengine, akabahatisha ya kumi na moja. Mwenye msafara wa mkopo anakosea mara moja. Tunachokiita akili ya biashara, mara nyingi ni ukubwa wa mfuko unaomruhusu mtu kukosea na kubaki mezani.

Basi thamani ya kitabu hiki iko wapi? Kwangu mimi iko katika mapengo yake. Soma kisa cha Nsama ukiwafikiria waliotangulia. Soma Utetera ukikaa kwenye kigoda cha mzee aliyedanganywa. Soma uwanja wa bunduki ukiuliza nani hakuwapo. Na soma minyororo ya Uzaramo taratibu, maana msimulizi anaipita haraka. Ukikisoma hivyo utapata riwaya tano ndani yake, na kila moja inamngojea mwandishi.

Nasema haya kwa sababu naona tunakoelekea sisi waandishi chipukizi. Hadithi zetu nyingi zina kijana aliyetoka kijijini, akathubutu, akafanikiwa. Tunamwandika aliyefika, halafu tunaupa ushujaa wake sababu baada ya kufika. Mezani za vitabu mjini zimejaa siri za mafanikio za matajiri, na sisi tunaziiga katika ubunifu. Mimi nimeanza kuibomoa riwaya yangu. Shujaa wangu wa zamani alikuwa mwenye msafara anayemshinda kila mtu. Sasa msimulizi ni mpagazi wa Unyanyembe aliyesimama nyuma, na mzigo begani, siku Stanley alipofyatua risasi zile. Yeye hakuulizwa kama anaamini. Lakini ndiye aliyejua uzito wa sanduku la risasi na umbali lilikotoka, maana sanduku hilo alilibeba yeye.

Sijui kama nitaimaliza, wala kama itapata mchapaji. Ikishindikana, naomba msiseme lilikuwa wazo baya kwa sababu hiyo tu. Na ikifanikiwa, tafadhali msije kijiweni kusema nilikuwa na akili.